Kazi za mbali ukiwa Valencia: tafuta meza kwanza, nyumba baadaye

Watu wanaoniuliza habari za Valencia karibu wote huanza na bei ya chumba. Mimi huwarudishia swali: wateja wako wako nchi gani, na wanakupigia saa ngapi? Nimeona wenzangu wakifika, wakapata chumba kizuri cha bei ya chini upande mmoja wa mji, kisha wakagundua ofisi inayowafaa iko upande wa pili, tena inafungwa kabla kazi yao haijaanza. Kwa hiyo mwongozo huu unapanga mambo kinyume cha mazoea. Tunaanza na saa, halafu karatasi, halafu meza, yaani mahali pa kufanyia kazi katika ofisi ya pamoja unayolipia kwa siku au mwezi, na nyumba inakuja baada ya hayo.

Mimi ni mtafsiri, na kazi zangu hutoka Marekani na Uingereza. Kabla ya kuja huku nilizifanya nikiwa Tanga, nikikaa macho hadi usiku mkubwa kumsubiri mtu wa California amalize chai yake ya asubuhi ndipo anijibu barua pepe.

Watu husema Valencia ni nafuu. Kuhusu huo unafuu, tuelewane mapema. Valencia ni mji wa tatu kwa ukubwa Hispania, una wakazi wapatao laki nane, na ni nafuu ukiulinganisha na Barcelona au Madrid. Ukiulinganisha na Tanga utalia. Kodi za nyumba zilikuwa zinapanda tayari, na mafuriko ya 29 Oktoba 2024, yaliyoua watu zaidi ya 220 mkoani na kuvuruga vitongoji vya kusini kama Paiporta na Catarroja, yaliwaingiza sokoni watu wengi wasio na makazi kwa mkupuo mmoja. Unafuu uliobaki uko kwenye maisha ya kila siku: chakula cha mchana, usafiri, maktaba, bustani, na mji tambarare unaoweza kuuzunguka kwa baiskeli.

Hatua ya 1: Chora saa zako

Chukua karatasi uandike saa za wateja wako, kisha uzihamishie Valencia. Mji huu uko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 2 wakati wa baridi na saa 1 wakati wa joto. Andika zote kwa mtindo wa saa 24, maana Wahispania huhesabu kuanzia usiku wa manane, na kichwa kikichoka, "las cinco" ya mwenye nyumba inageuka saa tano kichwani mwako ilhali yeye anakungoja saa 11 jioni.

Mteja wa New York anayeanza kazi saa 3 asubuhi kwake, Valencia ni saa 9 alasiri. Tanga, wakati wa baridi, ingekuwa saa 11 jioni. Mteja wa California akianza saa hiyohiyo, Valencia ni saa 12 jioni na Tanga ni saa 2 usiku. London iko nyuma ya Valencia kwa saa 1 tu mwaka mzima, kwa hiyo mwenye wateja wa Uingereza hana cha kuhangaikia. Anayeumia ni yule wa Ghuba. Ofisi ya Muscat ikifungua saa 2 asubuhi, hapa wakati wa baridi ni saa 11 alfajiri, na hakuna ofisi ya pamoja itakayokuwa imewasha taa kwa ajili yako.

Kuna mtego wa tarehe pia. Ulaya hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Marekani hubadili Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Katikati hapo, kwa wiki mbili au tatu za Machi na wiki moja hivi ya vuli, tofauti ya Valencia na New York hushuka kutoka saa 6 hadi 5. Mwaka wangu wa kwanza niliingia kikao kikiwa kinafungwa, nikawakuta watu wanaagana. Ziandike tarehe hizo kwenye kalenda ukiwa bado nyumbani.

Ukimaliza kuchora utajua uko kundi gani. Mwenye wateja wa Ulaya na Afrika anafaa ofisi yoyote. Mwenye wateja wa pwani ya mashariki ya Marekani anahitaji mlango ulio wazi hadi saa 3 au 4 usiku. Mwenye wateja wa California anahitaji ofisi ya kuingia saa 24, au intaneti ya nyumbani isiyo na mchezo na jirani asiyepiga ngoma.

Hatua ya 2: Karatasi, na pale wengi wetu tunapokwama

Viza ya kawaida ya Schengen, ile ya kutembelea nchi nyingi za Ulaya, hukupa siku 90 ndani ya kila siku 180, na haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Itumie kuja kuuona mji, kuonja ofisi mbili tatu na kutembea mitaa, kisha urudi nyumbani kuomba kinachostahili.

Kinachostahili ni viza iliyoletwa na Sheria 28/2022, ambayo watu huiita viza ya wahamaji wa kidijitali. Ubalozi wa Hispania upo Nairobi na upo Dar es Salaam. Ukiomba ubalozini unapewa hadi mwaka 1. Aliye tayari ndani ya Hispania kihalali anaweza kuomba kibali cha hadi miaka 3.

Masharti makuu ni haya. Kipato kifikie mara 2 ya kima cha chini cha mshahara wa Hispania. Kima cha 2025 kilikuwa euro 1,184 kwa malipo 14 ya mwaka, na ukikigawanya kwa miezi 12 kisha ukakizidisha mara 2 unapata kama euro 2,763 kwa mwezi. Ukija na mwenzi ongeza asilimia 75 ya kima hicho, na kila mwingine wa familia asilimia 25. Kampuni unayoifanyia kazi iwe na umri wa mwaka 1 au zaidi, na uwe umeifanyia angalau miezi 3. Uwe na shahada au uzoefu wa miaka 3. Kama umejiajiri, kipato kutoka kwa wateja wa Hispania kisizidi asilimia 20.

Hayo yote yanasomeka kirahisi. Linalotukwamisha watu wa kwetu ni hifadhi ya jamii. Mmoroko au Mtunisia aliyeajiriwa anaweza kutumia mkataba wa nchi yake na Hispania juu ya hifadhi ya jamii. Tanzania na Kenya hazina mkataba huo, kwa hiyo cheti cha NSSF hakikusaidii kitu. Mwajiri wako atatakiwa ajisajili kuchangia Hispania, na kampuni nyingi zikisikia hivyo husema samahani. Ndiyo sababu wengi tunakuja kama watu waliojiajiri, kwa Kihispania autónomo, tukiwa na mikataba ya huduma badala ya barua ya ajira, na tunachangia wenyewe. Aliyejisajili mara ya kwanza hulipa kiwango cha punguzo cha euro 80 kwa mwezi, pamoja na nyongeza ndogo, kwa miezi 12 ya mwanzo. Kama umeajiriwa, zungumza na mwajiri jambo hili kabla hujatumia hata shilingi kwenye tafsiri.

Tafsiri nazo zina kisa. Cheti cha polisi cha kuthibitisha huna jinai, vyeti vya shule, cheti cha ndoa, vyote hupita kwanza kuthibitishwa na mamlaka, halafu hutafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa na serikali ya Hispania. Mimi ninayekula kwa kutafsiri sikuruhusiwa kugusa karatasi zangu mwenyewe, nikamlipa mwingine. Omba cheti kwa Kiingereza tangu mwanzo kama ofisi ya kwenu inatoa. Wanaotafsiri kutoka Kiingereza ni wengi, wa Kiswahili utawatafuta kwa tochi.

Ukishafika kuna mambo mawili: kujiandikisha kama mkazi kwenye daftari la jiji, linaloitwa padrón, na kuchukua alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho cha mgeni ndani ya mwezi 1. Vyote vinataka miadi ya mtandaoni, na miadi huisha kama tiketi za basi kabla ya Idi. Usione haya kumlipa gestor, mtu ambaye riziki yake ni kuhangaikia karatasi za wenzake. Huyo pia ndiye wa kumuuliza kodi ya mapato. Ukikaa Hispania zaidi ya siku 183 kwa mwaka unahesabiwa mlipakodi wa huku, na ule mfumo unaosifiwa wa kodi ya mapato ya asilimia 24 umeshonwa hasa kwa walioajiriwa, tena unaombwa ndani ya miezi 6 tangu usajiliwe kwenye hifadhi ya jamii.

Lugha isikutishe sana. Waarabu walikaa huku karne nyingi kama walivyokaa kwetu, wakaacha maneno. Sukari ni azúcar. Meya wa mji ni alcalde, ndugu yake kadhi. Fulani ni fulano. Maskini lilifika huku likabadilika tabia, likawa mezquino, yaani bahili. Kwenye vibao utakutana pia na Kivalencia, lugha ya pili ya mji: "eixida" ni pa kutokea, "tancat" ni pamefungwa.

Hatua ya 3: Onja meza kabla ya kulipa mwezi

Fika, kodi chumba cha muda kwa wiki mbili mahali popote palipo karibu na metro, na usitafute nyumba bado. Wiki hizo mbili ni za meza.

Ofisi za pamoja zimejaa Ruzafa, katikati ya mji na kuelekea bandarini. Kwa nilizozungukia mimi, siku moja ni euro 15 hadi 25, na mwezi wa meza isiyo ya kudumu ni euro 130 hadi 220. Meza yako mwenyewe, yenye droo na kufuli, inazidi hapo. Uliza kama bei imejumlisha IVA, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 21, maana mara nyingi haimo, na euro 150 inageuka 181 na ushee siku ya kulipa. Uliza pia bono, yaani kifurushi cha siku 10 unazozitumia utakavyo. Kwa anayefanya nusu ya kazi nyumbani, bono huwa nafuu kuliko mwezi.

Nenda kuonja Jumanne au Jumatano. Ijumaa ofisi inakuwa nusu tupu, kila kitu kinaonekana kizuri, hata intaneti inakimbia. Pima kasi ya kupakia, siyo ya kupakua tu, kwa sababu sura yako kwenye kikao inasafiri kwa kupakia. Nyuzi za faiba zimeenea Hispania kuliko nchi nyingi za Ulaya, kwa hiyo kasi ikikusumbua, tatizo mara nyingi ni waifai ya ofisi hiyo na ukuta wake. Sogea meza nyingine upime tena.

Kisha piga simu ya video ya kweli. Mpigie ndugu yako aliye nyumbani, ongea naye dakika 10, umuulize anasikia nini nyuma yako. Mimi nilimpigia dada yangu kutoka kwenye kibanda cha vioo kilichopigiwa picha nzuri kwenye matangazo. Akaniuliza, "Kaka, mbona unaongea kama uko ndani ya pipa?" Vioo vinne, dari tupu, sakafu ya marumaru, sauti inazunguka haina pa kulala. Kibanda kizuri kina zulia au sponji ukutani, na kikifungwa mlango humsikii aliye nje. Hesabu vibanda, hesabu na watu. Vibanda viwili kwa watu arobaini maana yake utapangiwa foleni ya kuongea na bosi wako.

Jambo la mwisho kuuliza ndilo lililonigharimu mimi. Nililipa mwezi mzima katika ofisi moja karibu na kituo cha treni, nzuri, yenye mwanga na kahawa ya bure. Sikuuliza saa ya kufunga. Siku ya pili, saa 1 jioni, binti wa mapokezi akaanza kuzima taa huku akinitazama kwa huruma. Kikao changu na California kilikuwa saa 1 na nusu. Nikashuka mbio hadi bustani ya Turia, nikakaa benchi chini ya msonobari, laptopu magotini, intaneti ya simu. Mbele yangu watoto wanacheza mpira. Mteja akauliza kama nina familia kubwa.

Basi uliza hivi: saa ngapi mlango unafungwa, nani ana ufunguo, na kiyoyozi kinaendelea baada ya watu wa mapokezi kuondoka au kinazimwa nao? Swali hilo la tatu huwa linawashangaza, na jibu lake utalijua vizuri Julai.

Mambo madogo. Soketi za huku ni za matundu mawili ya duara, kwa hiyo chaja zetu za miguu mitatu ya bapa zinahitaji adapta. Njoo na ekstensheni moja ya nyumbani, uweke adapta moja tu, umalize. Kiti kikaliwe saa nzima kabla ya kukisifu.

Kwa kazi ya kimya isiyotaka simu, usilipe kitu. Maktaba ya umma ya Pilar Faus, kwenye Calle Hospital, iko ndani ya hospitali ya zamani ya mji, nguzo za mawe na dari za juu, na meza ni bure. Mimi huwa naenda kusahihisha kurasa. Januari na kuanzia Mei wanafunzi wanaiteka kwa ajili ya mitihani, ukichelewa hupati kiti. Migahawa ya kahawa ni ya saa moja na nusu, usigeuze ofisi. Kuanzia saa 8 hadi 10 mchana meza ni za wanaokula, na mhudumu atakuonyesha hivyo kwa kukuwekea uma na kisu juu ya daftari lako.

Hatua ya 4: Sasa nyumba

Ukiwa na meza, chora duara la dakika 25 kuizunguka, kwa miguu, baiskeli au metro, utafute humo tu. Kadi ya SUMA inatumika metro, tramu na mabasi ya jiji, na baiskeli za umma za Valenbisi ni kama euro 30 kwa mwaka mzima.

Ruzafa na El Carmen ni mitaa ya kutembelea. Kulala humo ni bei na makelele. Cabanyal, ule mtaa wa zamani wa wavuvi wenye nyumba za vigae vya rangi, uko karibu na bahari na ndiyo maana bei imeufuata. Mimi nawaelekeza watu Benimaclet, kijiji cha zamani kilichomezwa na mji, chenye wanafunzi wengi na metro mlangoni. Orriols, kaskazini, ni nafuu zaidi, kuna wahamiaji wengi, maduka ya nyama halali na msikiti, na kuna siku utasikia Kiswahili ukipanga foleni ya mkate. Patraix ni kimya. Burjassot na Mislata ni miji jirani iliyoungana na huu, na metro inafika. Chumba ndani ya nyumba ya pamoja nimekuwa nikiona euro 350 hadi 500 kwenye mitaa hii. Nyumba nzima ni habari nyingine, na kwa mwaka wa kwanza sikushauri.

Tovuti ya Idealista ndiyo soko kuu. Usitume hela kwa mtu asiyekuonyesha mlango, hata akikutumia picha ya kitambulisho chake. Sheria inaruhusu dhamana ya mwezi 1 kwa nyumba ya makazi, na mwenye nyumba anaweza kudai ulinzi wa ziada usiozidi miezi 2. Tangu sheria ya nyumba ya 2023, ada ya dalali kwa makazi ya kudumu ni ya mwenye nyumba. Wajanja hukwepa hayo kwa mkataba wa msimu wa miezi 11. Utausaini, wengi husaini, lakini kabla ya kalamu kugusa karatasi uliza swali moja: naruhusiwa kujiandikisha padrón kwenye anwani hii? Ukikataliwa, ondoka. Bila padrón karatasi zako zitapiga kwata mahali pamoja.

Sikuwa nimefikiria baridi. Mtu wa pwani anaona Januari ya Valencia, nyuzi 16 au 17 mchana na jua juu, anacheka. Mama mmoja Mkongomani wa Lubumbashi, niliyemkuta dukani Orriols, alinisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu akanisubiri nimalize. Nikamwamkia, akaniuliza nakaa wapi, nikamwambia bado natafuta.

"Uchague nyumba ya jua, mtoto yangu," akasema. "Baridi ya huku iko ndani ya nyumba, haiko inje."

"Ndiyo, mama," nikamjibu, kwa heshima tu.

Ilipofika Desemba nikamwelewa. Nyumba nyingi zimejengwa kwa ajili ya kiangazi: sakafu za vigae, kuta nyembamba, hakuna mfumo wa kupasha joto. Usiku mji unashuka hadi nyuzi 7 na nyumba isiyoona jua inabaki hivyohivyo siku nzima. Unaandika na glavu. Hita ndogo ya umeme inakula pesa kuliko meza ya ofisi. Kwa hiyo nenda kuona chumba saa 6 mchana, uangalie jua linaingia dirisha gani, na kama dirisha linatazama shimo la katikati ya jengo, shukuru uende. Hapo ndipo ofisi inapojilipa: ina joto Januari na ubaridi Agosti, na unyevunyevu wa Agosti hapa ni uleule wa Tanga, shati linagandamana mgongoni.

Hatua ya 5: Kula kwa saa za mji

Mjini wanakula kwa ratiba, na bei zinafuata ratiba hiyo. Kati ya saa 4 na 5 asubuhi kazi husimama kwa ajili ya almuerzo. Usidhani ni chai na andazi. Ni mkate mrefu uliojazwa, zeituni, karanga za maganda kwenye sahani, kinywaji na kahawa, vyote kwa euro 6 hadi 9. Asiyekunywa pombe aagize cortado, kahawa ya maziwa kidogo, maana ile cremaet wanayoipenda kumalizia ina ramu iliyochomwa moto. Mikate mingi ina nyama ya nguruwe, na ya mayai na viazi ipo karibu kila mahali.

Ukishiba hivyo, unavuta hadi saa 8 mchana, ambapo migahawa hutoa menú del día siku za kazi: sahani mbili, mkate, kinywaji, na tamu ya mwisho au kahawa, kwa euro 12 hadi 16. Chakula hichohicho usiku kinaagizwa kimoja kimoja na bei inaruka. Mwenye wateja wa Marekani anapangika vizuri hapa: anakula mlo mkubwa saa 8, anakaa mezani saa 9 akiwa ameshiba, usiku anamalizia na supu nyumbani. Paella ni ya mchana pia, na hasa ya Jumapili. Ile ya asili ni ya kuku, sungura na maharage, samaki hawamo, na anayeagiza paella saa 3 usiku amejitangaza kuwa mgeni.

Sokoni nenda asubuhi. Mercado Central, jengo la 1928 lenye kuba la chuma na vioo, hufungwa mchana. Watu wa Muheza watacheka wakiona machungwa: kule kwetu kuna chungwa tunaloliita Valencia, na huku Valencia kwenyewe mengi yanauzwa kwa majina mengine. Kinywaji cha mji ni horchata, maziwa meupe matamu yanayotengenezwa kwa vinundu vya chufa. Nilipouona mmea wenyewe shambani Alboraya nikaduwaa. Ni jamii ya ndago, magugu ambayo bibi yangu aliyalaani kila msimu akiwa na jembe mkononi. Hapa wanayapanda, wanayamwagilia na kuyauza kwa glasi.

Kwa hesabu ya jumla, mwezi wangu wa kawaida, chumba, meza, chakula, usafiri, simu na bima ya afya, unazunguka kwenye euro 950 hadi 1,100 kabla ya michango na kodi ya serikali.

Hatua ya 6: Kalenda ya kelele

Kuanzia 1 hadi 19 Machi, kila siku saa 8 mchana, baruti hupasuliwa mbele ya ukumbi wa jiji. Inaitwa mascletà, inadumu dakika chache, na ukiwa katikati ya mji vioo vinatetemeka na kifua pia. Ni sehemu ya Fallas, sherehe zilizoingia orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2016, na usiku wa tarehe 19 masanamu makubwa yaliyosimama mitaani huchomwa moto. Siku ya mwanzo nilikuwa kwenye kikao na mteja wa London. Nikamwona anasogelea kamera yake, uso umembadilika. "Uko salama?" Nikamweleza ni sherehe. Sidhani aliniamini hadi nilipofungua dirisha akawasikia watu wanapiga makofi.

Usipange kikao kati ya 13:45 na 14:15 wiki hizo. Kuanzia tarehe 15 mitaa inafungwa kwa mahema na muziki, ofisi nyingi hupunguza saa, na bei za vyumba vya muda hupanda vibaya. Mtu anayefikiria kuhamia huku asifike Machi. Fika Oktoba au Novemba, wakati joto limepungua na wanafunzi wamekwisha kutulia kwenye vyumba vyao, ingawa mvua kubwa za mwaka nazo huangukia hapo. Onyo la hali ya hewa la rangi nyekundu likija kwenye simu, kaa ndani. Bustani ya Turia niliyokimbilia na laptopu ilikuwa mto hadi mafuriko ya 14 Oktoba 1957 yalipoingia mjini, wakauhamishia mto kusini. Leo ni kilomita 9 za miti, ukumbusho wa wazi kuliko sanamu yoyote.

Agosti ni kinyume cha Machi. Nusu ya mji inaondoka, mitaa inakuwa kimya hadi unasikia jokofu la jirani. Ofisi ndogo hufungwa wiki mbili, kwa hiyo Juni uliza tarehe zao na uombe mwezi huo ulipie nusu. Mara nyingi hukubali. Jioni nenda ufukwe wa Malvarrosa ukaoge. Utaona ajabu moja ya bahari hii ambayo mpaka leo sijaizoea: haikupwi. Unaacha viatu mchangani, unarudi saa tatu baadaye, maji yako palepale.